Mia Moja Ishirini kwa Themanini

Kiden mwanangu,

Salamu sina. Nikizipata huko mbele nitaziandika, lakini sasa hivi moyo umenijaa hasira na sitaki kuanza kwa kukudanganya. U mzima, hilo nalijua. Nimekuona jioni hii ukitoka na gauni lako la buluu kwenda kanisani, wenzako wa kwaya wakuombee safari. Baba yako yuko nje, anajifanya anasikiliza redio. Mimi nimekaa mezani, karatasi nimeikandamiza kwa sahani maana mkono wangu wa kushoto hauwezi kuishika, na ninakuandikia.

Ninaandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni chenu ninyi wa chuo. Kikakwa cha baba yako ninakisema tu, kukiandika sijui. Kiswahili ndicho nilichofundishwa na masista kule Congo kabla sijaolewa huku Midia, na ndicho nilichokulea nacho. Kwa hiyo usije ukasema hukuelewa.

Mambo ya sabuni, ya kumsaidia jikoni shangazi yako wa Mvara, huko Arua unakokwenda kesho, ya kutopanda boda na watu usiowajua, yote umeshayasikia mpaka umechoka. Siyarudii. Mtoto aliyefika umri wako akikosa sabuni atanunua.

Nataka tuzungumze juu ya Ijumaa.

Ijumaa nilikwenda kituo cha afya kule Koboko mjini kufuata dawa, kama unavyojua. Nilimkuta sista, yule muuguzi aliyerudi kutoka likizo. Akanifunga kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, akatazama, akakunja uso. Akasema, "Mama, ngoja nirudie." Akarudia. Akasema, "Mama, hii presha iko juu sana. Wewe nakunywa dawa kweli?" Nikamwambia ninakunywa ile moja mliyonibakishia. Akageukia kompyuta, akabonyeza-bonyeza, akaniuliza, "Sasa mbona hapa kila mara uko muzuri? Mwezi ule mia moja ishirini kwa themanini. Mwezi wa nyuma yake, mia moja ishirini kwa themanini. Mutu gani alikupima?"

Nikamjibu, "Ni mtoto wangu. Yule mwanafunzi wa kompyuta."

Nilijibu kwa fahari, Kiden! Nilinyoosha shingo na wenzangu wa kwenye foleni wakanisikia. Sista akasema labda mashine ya zamani ilikuwa mbovu, akaandika dawa mbili, nikashukuru, nikaondoka. Njiani nikaanza kufikiri. Nikajaribu kukumbuka siku ile ya mwisho nilipokaa mbele yako. Nilikumbuka koti lako jeupe ulilolipiga pasi mwenyewe. Nilikumbuka ulivyonisalimia kama hunijui, kwa heshima, nikacheka moyoni. Uliuliza jina, uliuliza kijiji, uliuliza umri, vidole vyako vikakimbia kwenye vile vibonyezo. Lakini kitambaa cha mkononi, Kiden, sikukikumbuka. Nilitafuta na kutafuta kichwani. Hakikuwepo.

Jioni ulikuwa unaosha vyombo nikakuuliza. Wala hukugeuka. Ukasema, "Mama, ile mashine ilikuwa haina betri. Na sistim inakataa kuseiv bila namba."

Nikakuuliza, "Kwa hiyo ukaandika nini?"

"Namba ya kawaida. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo."

Ala! Namba ya kawaida! Mimi mama yako nina presha tangu mdogo wako wa mwisho azaliwe. Umekua ukiniona nikinywa vidonge asubuhi na chai. Ulikuwa unanikumbusha wewe mwenyewe, "Mama, umemeza?" Halafu ninakaa mbele yako, unanitazama machoni, unaniandikia presha ya msichana anayecheza mpira wa wavu! Na daktari kijana wa chumba cha pili anafungua kompyuta yake, anasoma ulichoandika, ananiambia, "Mama, presha yako iko muzuri sana sasa, tunapunguza dawa moja." Nikacheka. Nikampa mkono. Jumapili ile nikatoa sadaka ya shukrani.

Yaliyofuata unayajua, maana ni wewe uliyeitwa sokoni. Nilikuwa ninamkunjulia mteja kitenge, mkono ukaachia. Nikataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Mama Stella, jirani yangu anayeuza samaki wakavu, ndiye aliyenidaka kabla kichwa hakijagonga sementi. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, nishukuru Mungu; mashine bado haina betri, akasoma kompyuta, akaniacha na dawa ileile moja. Tangu siku hiyo umeniogesha, umenivalisha, umenikatia nyama kwenye sahani yangu kama mtoto. Majirani wakasema nina bahati ya binti. Mimi pia nilisema.

Sasa niambie. Siku zote hizo unanisugua mgongo, ulikuwa unafikiri nini? Ulijua? Nimekuuliza Ijumaa, ukalia. Machozi yako yameniuma, sitaficha, mimi si jiwe. Lakini machozi si jibu.

Najua utasema ulifundishwa hivyo, na hapo nina hasira na hao wenye chuo pia, wasidhani wamepona. Uliniambia mwenyewe mlivyoanza. Darasani mlikuwa na sistim ya mazoezi, imejaa wagonjwa wa kutunga, majina ya mchezo mchezo. Mkapewa mgonjwa, mkajaza, mkaseiv, anayemaliza kwanza anapigiwa makofi. Ukaja nyumbani unaringa kwamba wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza. Nikakuuliza unawezaje kuwa na haraka hivyo, ukacheka, ukasema, "Mama, presha kila mtu naandika mia moja ishirini kwa themanini, napita." Nikacheka na mimi. Sikujua nacheka nini.

Halafu wakawachukua wakawakalisha kituoni mbele ya kompyuta yenye sura ileile, rangi ileile, vibonyezo vilevile. Hakuna aliyewasimamisha mlangoni akawaambia: hapa ndani watu ni wa kweli. Na mkubwa wa kituo, anayetaka ripoti yake iende Arua imejaa, akawaambia jazeni ya kawaida, betri zikija tutarekebisha. Betri ziliingia lini? Nani alirekebisha? Betri, Kiden! Vitu vinavyouzwa duka lolote la Koboko pamoja na tochi na kiberiti. Ungeniambia ningenunua mimi.

Mimi ninauza vitenge. Nikikiangalia kitambaa kwa macho najua ni yadi ngapi, sikosei. Lakini sijawahi kumkatia mteja kwa macho. Nanyoosha, napima, na yeye anaona. Akitaka nirudie narudia. Kwa kitambaa tu! Na ninyi mlikuwa mnapima damu ya watu.

Haya. Nimepumua kidogo, nimekunywa maji. Sasa yangu, maana sitaki ufikiri nimekaa hapa na usafi wote wa dunia.

Siku ile niliona kwamba hujanifunga kitambaa. Niliona, nikajiambia labda siku hizi kompyuta inapima yenyewe. Unaona ujinga huo? Mwanamke mzima aliyelipa ushuru mpakani miaka mingi, aliyepigana na maaskari kwa sababu ya balo moja la nguo, anaamini kompyuta imempima kwa kumtazama. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka kuuliza. Foleni ilikuwa inakutazama. Nilitaka wakuone unavyojua kazi. Ningeuliza, "Mwanangu, mbona hukunipima?" ningekuaibisha. Nikanyamaza, nikabeba fahari yangu nikaenda nayo kwa daktari. Hilo ni langu, na ninalilipa kwa mkono huu.

Kuna la zamani zaidi. Bibi yako, mama yangu, alikuwa na uvimbe tumboni. Watu wakija kumsalimu, "Mama, habari?" anajibu, "Muzuri." Mchungaji akija, "Muzuri." Hata yule mganga wa zahanati alipokuja, mama alikuwa amekunjamana kitandani, anajibu, "Muzuri tu, baba." Ndiyo heshima ya kwetu. Kwanza unasema ni mzuri, ndipo shida inafuata polepole, kama mgeni ana muda wa kuingoja. Mganga hakuwa na muda. Alikunywa chai akaondoka. Tulimzika mama kabla ya mihogo kukomaa, na kwenye mazishi nilikuwa na hasira na kila mtu aliyewahi kumwuliza habari akaridhika.

Ungefikiri nilijifunza. Aka! Ulipokuwa mdogo, homa imekushika, unatetemeka kwenye mkeka, wageni wanaingia, nilikuwa ninakufinya. Nakufinya paja ili useme, "Shikamoo, mzuri." Ukisema kichwa kinauma, wageni wakiondoka nakugombeza kwamba umenitia aibu. Kwa hiyo Ijumaa usiku, nilipokuwa ninageuka-geuka kitandani kwa hasira, nililiona hilo paja lako. Chuo kilikufundisha haraka. Lakini kujaza "mzuri" pale ambapo hujui, hilo ulitoka nalo kwangu. Nisamehe kwa hilo. Sikuombi kwa mdomo tu.

Ila usilikamate hilo ukajificha nyuma yake! Mimi nilikufinya ukiwa na miaka mitano. Sasa wewe ni mtu mzima, una vidole vyako mwenyewe.

Kinachonichoma zaidi si mkono wangu. Mkono unarudi, jana nimeshika kikombe. Kinachonichoma ni ulichosema Ijumaa baada ya kulia. Nilikuuliza, "Watu wangapi uliwaandikia hivyo?" Ukasema hujui. Hujui! Halafu ukanishika magoti, ukasema, "Mama, nakuomba usiseme. Chuo kikijua watanizuia kwenda Arua. Wamenichagua mimi." Baba yako akaingilia, "Muache mutoto aende. Akishapata karatasi yake, atasema." Nikamjibu mbele yako na ninarudia hapa: akishapata karatasi yake hatasema kamwe. Mtu akishakuwa na koti la kweli, kulivua kunakuwa kuzito. Baba yako anakupenda kwa namna yake ya kufunika mambo. Mimi ninakupenda kwa namna nyingine, na leo haina utamu.

Najua kwa nini umechaguliwa. Unaenda kwenye ile hospitali kubwa ya Arua, mtakaa na kompyuta usiku na mchana, na mkitoka hapo mtatumwa kufundisha wauguzi wa vituo vingine. Utasimama mbele ya watu. Utawaambia, bonyeza hapa, jaza hapa. Siku moja, kwenye kituo fulani kisicho na umeme wa maana, nesi mmoja atanyoosha mkono akuulize, "Mwalimu, mashine yangu haina betri, na sistim inakataa kuseiv. Nifanye nini?" Utamjibu nini, Kiden? Hilo ndilo swali langu. Mengine yote kwenye barua hii ni kelele za mama.

Na usiniambie ni mambo yaliyopita. Mama Stella hajapita. Mimi ndiye niliyempeleka kwako. Alikuwa analalamika kichwa, kisogo kinagonga, anaona nyota akiinama kuchukua samaki. Nilimwambia, "Nenda kituoni, binti yangu yuko pale, hutakaa sana kwenye foleni." Kweli hakukaa sana. Akarudi na Panadol. Akaniambia, "Mama Kiden, mutoto yako iko na mikono nyepesi. Wanasema presha iko sawa, ni jua tu." Tangu hapo anafunga kichwa kwa kitambaa na kuuza samaki. Mwanamke aliyetoka Sudani Kusini kwa miguu na watoto mgongoni, akaivuka vita nzima, aje auawe na mikono myepesi ya binti yangu? Ndiye aliyenidaka nilipoanguka. Yeye mwenyewe akianguka nani atamdaka?

Na hao ninaowajua ni wa sokoni tu. Wale wa vijijini, wale wanaovuka kutoka Congo siku ya soko wakapitia kituoni na kurudi kwao, mimi nitawatoa wapi? Mimi siwezi. Wewe unaweza. Uliniambia zamani, ukijisifu, kwamba ile sistim haisahau, inaweka ni nani aliyeandika na siku aliyoandika. Basi inaweza kuwatoa wote walioandikwa kwa jina lako, siku zile mashine ilipokuwa haina betri. Simu zao zimo humo. Hiyo ndiyo kazi uliyosomea, si kubonyeza haraka. Kama kuna mafunzo ya mikono, yaani ya vitendo, duniani basi ni hayo, na hayako Arua, yako hapahapa Koboko kwenye kiti kilekile ulichokalia.

Ningeweza kwenda mwenyewe kusema. Jumamosi nilivaa viatu kabisa. Nilifika mpaka barabarani, nikakumbuka kituo hakipokei watu wa foleni mwisho wa wiki, nikarudi. Nilipokuwa ninarudi nikaona kwamba nikisema mimi, wewe utakuwa umesemewa tu. Mkubwa wa kituo atanipa soda, ataniita mama mara nyingi, atasema nimezeeka na kiharusi kimenichanganya. Hataifungua hiyo kompyuta. Wewe akikuona na mafaili yako na mkoba wako wa safari, hawezi kukuambia umechanganyikiwa.

Wanaweza kukuzuia, ndiyo. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wanaweza kumpeleka mwingine Arua, yule rafiki yako aliyefanya vilevile na akanyamaza. Utalia, na mimi nitalia na wewe, maana vitenge vilivyokusomesha nilivibeba kwa kichwa hiki. Nitakuwa na hasira na hao watakaokuzuia, nitakwenda mpaka chuoni kuwauliza kwa nini wanamfukuza anayesema na kumbakisha anayeficha. Unanijua. Lakini nikae na binti mwenye karatasi ukutani, kila akinipima presha nijiulize kama ni ya kweli au ni ya kawaida? Hapana. Hilo siliwezi.

Sasa nasikia kwaya inaimba wimbo wa mwisho, utakuwa njiani hivi punde. Barua hii nitakupa mkononi. Sitaificha kwenye mkoba uikute Arua umeshachelewa.

Kesho gari linapita barabara kuu asubuhi na mapema, na kituo cha afya unajua kiko palepale kando ya barabara kabla mji haujaisha. Mimi nitatangulia na baba yako kwa pikipiki. Hataki, lakini atanipeleka. Mama Stella nimemwambia leo baada ya ibada kwamba kesho aje kupimwa tena. Akaniuliza kwa nini, na kichwa wamemwambia ni jua? Nikamwambia aje tu. Sababu atamwambia nani kama si wewe? Betri nimenunua, ziko kwenye mfuko wa sketi yangu, sitaki kusikia habari ya betri.

Salamu nimezitafuta mpaka hapa sijazipata. Upendo upo, mwanangu, upo mwingi. Gari likipita bila kusimama tutaliona, na nitakupungia mkono huu mzima, maana wewe ni mtoto wangu hata hapo. Ukishuka, usinikimbilie mimi na kilio chako. Mimi nimeshapimwa. Mkalishe Mama Stella, mwambie ulichofanya, umfunge kitambaa mkononi, na chochote mashine itakachosema, hata kama kinatisha, ukiandike hivyo.

Mama yako,
ambaye bado ana hasira